Mawe ya Redio, Magari ya Umeme na Kazi ya Kitivo Chetu

Bibi yangu, hapa Kasongo, hakuwahi kulitamka neno betri. Alisema mawe. Redio ilipoanza kukoroma katikati ya habari za jioni alisema, "Mawe yamechoka." Asubuhi yake aliyatoa, akayapanga juu ya bati palipo na jua kali, na jioni redio ilisema tena kwa muda wa nusu saa hivi. Sisi wajukuu tulicheka. Nilipokua nikasoma kwamba joto huharakisha mmenyuko wa kikemia ndani ya betri kavu, na kwa hiyo betri iliyokaribia kufa huweza kutoa umeme kidogo zaidi ikipashwa moto. Bibi hakuwa amekosea.

Wala hakukosea katika neno. Ukiivunja betri ya tochi utakuta kopo la zinki, unga mweusi wa manganizi, na kijiti cha kaboni katikati. Zinki hutoka ardhini, na huko Kipushi inachimbwa hata sasa. Manganizi hutoka ardhini, na Kisenge, magharibi ya Katanga, ilijulikana kwa madini hayo tangu zama za ukoloni. Betri ni mawe yaliyopangwa kwa akili. Aliyelitumia neno hilo mara ya kwanza aliona sawasawa, bila kwenda maabara.

Naanza na hadithi hii kwa sababu dunia nzima leo inazungumza juu ya mawe hayo, na nchi yetu inatajwa katika kila mazungumzo, ila wenyewe tunayazungumza kwa lugha za wengine. Nia yangu ni kutetea jambo moja: kwamba suala la betri na magari ya umeme linakihusu kitivo cha lugha, hapa kwetu, sasa hivi, na si vitivo vya sayansi na uchumi peke yao.

Tuanze na gari lenyewe. Gari mseto lina injini ya petroli na mota ya umeme pamoja. Toyota iliuza Prius ya kwanza Japani mwaka 1997, na betri yake ilikuwa ya nikeli. Gari la umeme tupu halina injini ya mafuta, lina betri kubwa na mota. Betri hiyo kwa kawaida ni ya lithi. Chembe za lithi zenye chaji husafiri kutoka upande mmoja wa betri kwenda wa pili wakati wa kuchaji, na kurudi wakati wa kutumia. Upande mmoja huwa wa grafiti. Upande wa pili ndiko kobalti iliko katika aina nyingi za betri hizi, na kazi yake ni kuzuia muundo wa upande huo usibomoke kila lithi inapoingia na kutoka. Sony iliziuza betri za lithi za kwanza mwaka 1991, na mwaka 2019 wanasayansi watatu, Goodenough, Whittingham na Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi iliyozizaa.

Nchi yetu hutoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti yote inayochimbwa duniani, karibu yote kutoka Lualaba na Haut-Katanga. Mwaka 2024 magari ya umeme yaliyouzwa duniani, pamoja na yale mseto ya kuchomeka kwenye umeme, yalizidi milioni 17. Ukiziweka hesabu hizi mbili pamoja, ni rahisi kupanda juu ya meza na kutangaza kwamba Kongo imeishika dunia shingoni. Nimeyasikia maneno hayo darasani, kanisani, na penye foleni ya kuchaji simu. Nayakataa, na sababu zangu ni mbili.

Sababu ya kwanza iko katika betri zenyewe. Ipo aina ya betri ya lithi inayotumia fosfati ya chuma badala ya kobalti na nikeli. Hubeba umeme mdogo zaidi kwa uzito uleule, lakini ni ya bei nafuu, hudumu sana, na si nyepesi kushika moto. Kampuni ya BYD ya China imeijenga biashara yake juu ya aina hiyo, Tesla huitumia katika baadhi ya magari yake, na mwaka 2024 ilikaribia kuchukua nusu ya soko lote la betri za magari ya umeme. Ndani yake hamna hata chembe ya kobalti. Na nyuma yake zinakuja betri za sodiamu, madini yaliyomo katika chumvi ya kupikia, ambazo hazihitaji hata lithi. Serikali yetu yenyewe iliona bei ya kobalti inavyoanguka, ikasimamisha kuiuza nje Februari 2025, na kuanzia Oktoba mwaka huo ikaweka viwango vya kiasi kinachoruhusiwa kutoka. Huenda ni uamuzi wa busara. Lakini kila kobalti inapopanda bei au kuadimika, mhandisi mmoja zaidi huko Shenzhen hupata sababu ya kuunda betri isiyoihitaji.

Sababu ya pili ni historia ya mji huu tunamokaa. Kasongo ilikuwa mji mkubwa wa pembe za ndovu. Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip, aliufanya makao yake katika miaka ya 1870, na misafara yake ndiyo iliyotuletea lugha ninayoandikia sasa. Njia hiyohiyo waliipita watumwa waliobebeshwa pembe hizo kwenda pwani. Mwaka 1893 jeshi la Dola Huru la Leopold liliuteka mji kutoka kwa mwanawe, Sefu. Ikaja zamu ya mpira wa porini, na damu iliyomwagika kwa ajili yake dunia nzima inaijua. Kisha mpira wa mashamba ya Asia ukakomaa, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kwisha soko la mpira wa porini lilikuwa limekwisha. Hakuna aliyekuja Kasongo kuaga. Pembe iliondoka, mpira ukaondoka, na kilichobaki mikononi mwetu hadi leo ni lugha.

Mtu ataniambia: Kasongo na Kabambare haichimbi kobalti, basi haya yanatuhusu nini? Ni kweli, hapa hakuna kobalti. Lakini Maniema hutoa bati na koltani. Bati ndiyo inayounganishia vipande vya kila kibao cha umeme ndani ya gari, na tantali ya koltani hutengeneza vile vipande vidogo vya kuhifadhi chaji. Kabambare ina dhahabu ya Namoya. Na kusini kwetu, ukipita Kongolo, iko Manono, mji wa zamani wa bati, ambao leo unajulikana kuwa na mojawapo ya akiba kubwa za lithi ya miambani duniani, na kampuni za Australia, China na Marekani zinaugombea. Tuko katikati ya mambo haya, tupende tusipende.

Naomba nieleze kisa cha nyumbani ili hoja yangu isielee hewani. Mjomba wangu ana kibanda cha kuchaji simu sokoni. Ana paneli mbili za jua na alikuwa na betri moja kubwa ya risasi na tindikali, aliyoinunua kwa akiba ya miaka miwili. Betri ya namna hiyo hupoteza maji kidogo kidogo inapochajiwa, na hutakiwa kuongezewa maji safi yaliyokenekwa, basi. Mjomba alipoona yamepungua alimtuma kijana akanunue "maji ya betri". Kijana akaenda, akasema maneno hayohayo, akauziwa chupa, akairudisha. Ndani ya chupa mlikuwa na tindikali. Kwa nini? Kwa sababu hapa kwetu vitu vyote viwili huitwa maji ya betri: ile tindikali anayoijazia fundi betri mpya, na yale maji ya kuongezea baadaye. Muuzaji hakudanganya, kijana hakukosea, mjomba hakuwa mjinga. Mjomba alimimina. Kijana alipata vidonda vya kuungua vidoleni, na baada ya miezi michache betri haikushika chaji tena. Kwenye ubavu wake mlikuwa na maandishi ya onyo kwa Kiingereza na Kichina.

Mimi ni mwanafunzi wa lugha. Nilipokiangalia kisa hicho sikuona tatizo la umeme. Niliona neno moja lililobebeshwa maana mbili, moja yao ya hatari, bila mtu wa kuzitenganisha. Hilo ni somo la semantiki, tena la mwaka wa kwanza. Na liligharimu familia akiba ya miaka miwili.

Sasa tuangalie mbele. Gari la umeme la kwanza kulizoea hapa halitakuwa Tesla. Barabara ya kwenda Kindu tunaijua. Litakuwa pikipiki. Kigali, kampuni ya Ampersand imekuwa ikiendesha pikipiki za umeme tangu mwaka 2019: dereva akiishiwa chaji huingia kituoni, huacha betri aliyonayo, huchukua iliyojaa, na kuendelea na kazi. Nairobi ina pikipiki za namna hiyo, na mabasi ya umeme pia. Ethiopia ilifika mbali zaidi, mwaka 2024 ikapiga marufuku kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli. Kwetu petroli hufika kwa safari ndefu na kwa bei ya safari hiyo, na jua halilipiwi usafiri. Sioni kwa nini pikipiki inayochajiwa kwa paneli isifike Kasongo mapema kuliko nguzo za umeme. Itakapofika italeta betri za lithi, na makosa yake si ya kuungua vidole. Betri ya lithi ikitobolewa, ikichajiwa kupita kiasi au kwa chaja isiyo yake, huweza kuwaka moto unaojilisha wenyewe, ambao ndoo moja ya maji haiuzimi. Betri iliyovimba si ya kuminywa irudi umbo lake. Nani atayasema haya, na kwa maneno gani, ili fundi wa pale penye kivuko ayaelewe mara ya kwanza?

Tena kuna mwisho wa betri. Hapa watu huzivunja za zamani na kuyeyusha risasi jikoni wapate vizito vya nyavu. Majirani zetu wa pwani walijifunza kwa machungu. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilitia sumu ya risasi katika damu ya watu, watoto wakiwemo. Mama mmoja, Phyllis Omido, ambaye mtoto wake mwenyewe aliugua, aliongoza mapambano, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Shauri liliendelea na rufaa miaka mingine baada ya hapo. Kabla ya mahakama, ilibidi watu wa mtaa ule waelewe kwanza kwamba ugonjwa, moshi na risasi ni kitu kimoja. Kuelewa huko hakukuja kwa Kilatini.

Upande mwingine wa suala hili ni karatasi. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inawapa wananchi wa maeneo ya migodi haki zinazohesabika. Asilimia 15 ya mrabaha wa madini huenda kwa taasisi za chini za utawala, yaani sekta, chefferi au komini ambamo mgodi uko. Kampuni yenye kibali cha kuchimba inatakiwa kusaini na wakazi daftari la majukumu, linaloeleza itajenga nini na lini, na kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Ni maneno mazuri. Yameandikwa kwa Kifaransa cha mawakili. Mzee wa kijiji hujadili shamba lake, mto wake na makaburi ya babu zake kwa Kiswahili, au kwa Kizimba, Kibangubangu au Kikusu, halafu anawekewa mbele karatasi ya kutia dole gumba. Nilijaribu kumweleza mzee mmoja mrabaha ni nini. Neno hilo la pwani hakulijua. Nikamtajia la Kifaransa, akalijua kwa sikio tu, akidhani ni bakshishi ya kampuni. Nikasema: "Baba, ni haki ya mwenye udongo, hutolewa kila wanapouza, wapende wasipende." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Basi yetu iko wapi?" Kila somo la tafsiri nililofundishwa lilikuwa likielekea kwenye swali hilo.

Najua pingamizi zitakazoletwa, na baadhi yake ni za haki. Mhadhiri mmoja ninayemheshimu huniambia kwamba msamiati bila kiwanda ni pambo, na kwamba hata tukiunda maneno elfu ya betri hatutakuwa tumeunda betri moja. Ni kweli. Maneno hayayeyushi mawe. Lakini betri ya mjomba ilikuwepo, paneli zilikuwepo, na ufundi ulikuwepo. Lililokosekana ni neno. Wengine husema Kifaransa kinatosha, kwa kuwa ndicho lugha ya serikali na ya shule. Kinamtosha aliyekaa shuleni vya kutosha. Anayeshika spana kwa kawaida hakupata nafasi hiyo.

Pingamizi zito kuliko yote ni hili: istilahi za kuundwa mezani hufa. Tulisoma kisa cha ngamizi. Wataalamu waliipendekeza kwa kompyuta, watu wakaipa kisogo na kompyuta ikabaki kompyuta. Nakubali, na kwa hiyo siombi kamati ya kuunda maneno. Naomba tuanze kwa kusikiliza. Gari lenye injini mbili, kwa mfano, wengine huliita chotara na wengine mseto. Chotara ni neno la damu na nasaba, na katika mji wa waungwana na wageni kama huu lina kovu. Mseto ni chakula, choroko na mchele chungu kimoja, kila kimoja kikionekana kilivyo. Ndivyo lilivyo gari hilo. Mimi nachagua mseto. Lakini fundi akichagua jingine na wenzake wakamfuata, kazi yetu ni kuliandika lake, sio kumkosoa.

Kwa hiyo mapendekezo yangu kwa kitivo ni matatu, yote madogo, na hakuna hata moja linalosubiri bajeti ya Kinshasa.

La kwanza, kazi za mwisho wa masomo. Kila mwaka tunaandika juu ya ngeli, methali na riwaya, na nimezipenda kazi hizo. Wachache kati yetu waende gereji, kwenye vibanda vya paneli na kwa waendesha pikipiki, waandike maneno yanayotumika huko, maana zake, na mahali ambapo neno moja hubeba mawili. Ninadhani "maji ya betri" ina ndugu wengi.

La pili, karatasi moja ya onyo, ukurasa mmoja wenye michoro, kwa Kiswahili cha hapa, isemayo mambo matano ya kufanya na matano ya kuepuka kwa betri ya tindikali na ya lithi. Tuisome kwanza mbele ya mafundi watatu kabla ya kuichapisha. Neno watakaloulizia mara mbili litoke. Tindikali iitwe tindikali au asidi, na maji yaitwe maji.

La tatu, meza ya kusomeana. Siku moja kwa juma wanafunzi wa tafsiri wa mwaka wa mwisho wakae mahali watu wanapofika, na yeyote aliye na karatasi ya kampuni, ya sekta au ya benki aje asomewe kwa lugha anayoielewa. Wasimshauri asaini au asisaini, hiyo si kazi yetu. Wamsomee kilichoandikwa. Kwa wahadhiri hilo lingekuwa zoezi la vitendo lenye alama. Kwa mzee wa Kabambare lingekuwa tofauti kati ya kutia dole gumba na kukubali.

Kobalti inaweza kupungua thamani wakati sisi tungali hai, na lithi ya Manono baada yake. Kwa kasi ya uvumbuzi ninayoisoma, sitashangaa. Betri itakayofuata itatengenezwa kwa jiwe jingine, labda lipo hapa, labda halipo. Atakayelielewa jiwe hilo kwa lugha yake ataweza kulitengeneza, kulitumia bila kujiunguza, na kuuliza bei yake.

Bibi alifariki kabla sijampa jibu kuhusu mawe yake na jua. Mjomba bado yuko sokoni. Amekopa, amenunua betri nyingine, na juu yake ameandika kwa rangi nyeupe, kwa mkono wake: MAJI SAFI TU, ASIDI HAPANA. Wenye vibanda viwili jirani wamemuiga. Maneno matano, na hakuna chuo kilichomsaidia kuyaandika.